Mkate wa Noeli na Jina Lake: Historia ya Stollen ya Saksonia



Mtaalamu wa isimu anapotangaza kwamba atazungumzia mkate, wasikilizaji wake wana haki ya kushuku kuwa ameishiwa na mada. Naomba mnivumilie. Mkate ninaoukusudia unaitwa Stollen, nao huokwa nchini Ujerumani kwa ajili ya sikukuu ya Noeli, hasa katika jimbo la Saksonia na mji wake mkuu, Dresden. Sijapata kukutana na chakula kingine ambacho jina lake limeshughulikiwa na askofu, Papa, wizara za dola ya kijamaa, majaji na hatimaye Umoja wa Ulaya, kila mmoja akiwa na lake la kusema kuhusu kitu gani kistahili kuitwa hivyo. Kwa sisi tunaotunga kamusi, historia ya namna hiyo si ya jikoni peke yake.

Tuanze na fasili. Mtunga kamusi wa leo angeweza kuandika hivi: Stollen ni mkate mtamu na mzito wa unga wa ngano na hamira, wenye siagi nyingi, zabibu kavu, lozi, na maganda ya matunda ya jamii ya limau na danzi yaliyopikwa katika sukari, ukishaokwa hupakwa siagi iliyoyeyushwa, kisha hufunikwa kwa sukari ya unga hadi ukawa mweupe. Fasili hii ni sahihi. Lakini tukiichukua na kuipeleka Dresden ya mwaka 1474, takriban kila sifa iliyomo itakuwa ya uongo, isipokuwa unga, hamira na tanuri. Jina ni lile lile, au karibu na lile lile. Kitu chenyewe ni kingine.

Kabla ya kuendelea, niseme neno kuhusu uamuzi wangu wa kuiita Stollen mkate na si keki. Mwanafunzi mmoja aliniuliza kwa nini kitu chenye sukari na siagi kiasi hicho kisiitwe keki. Jibu langu ni kwamba neno mkate katika Kiswahili halijawahi kufungwa na ngano wala na ukosefu wa utamu. Neno hili ni la Kibantu, na Kichewa nacho kina mkate. Mkate wa kumimina hutengenezwa kwa mchele, tui la nazi, hamira, sukari na hiliki, na wala hauna hata chembe ya ngano. Tuna mkate wa sinia, mkate wa mayai, mkate wa ufuta. Tena tumbaku iliyogandamizwa nayo huitwa mkate wa tumbaku. Kinachoangaliwa, kwa maoni yangu, ni donge lililoumbwa likawa kipande kimoja, na Stollen inaingia humo bila shida. Kuhusu ngeli, nimeipa jina hili upatanisho wa I-ZI, kama yafanyavyo maneno mengi ya mkopo. Atakayetaka kusema 'Stollen huu' kwa kufuata mkate hatakuwa amevunja sheria yoyote.

Hati ya zamani inayotajwa zaidi katika historia ya mkate huu haitoki Dresden bali Naumburg, mji ulio kwenye mto Saale. Mwaka 1329 Askofu Heinrich wa mji huo aliwapa waokaji ruhusa ya kuunda chama chao. Ruhusa hiyo haikuwa ya bure. Kila Noeli, waokaji walipaswa kumpelekea mikate miwili mirefu ya ngano iitwayo Stollen. Tutazame vizuri jambo hili: hati haielezi ladha wala viungo. Inataja urefu, inataja ngano, inataja jina. Ngano yenyewe ilikuwa ishara ya heshima, kwani watu wa kawaida wa sehemu zile walikula mikate myeusi ya nafaka nyingine.

Na jina lasemaje? Katika Kijerumani cha kale neno hili lilimaanisha nguzo, mhimili, kitu kinachoegemeza kingine. Kutokana na maana hiyo lilizaa tawi jingine: katika migodi, Stollen ni njia ya chini ya ardhi inayochimbwa kwa ulalo kuingia mlimani, njia inayoshikiliwa na nguzo za mbao. Saksonia ni nchi ya migodi ya fedha tangu karne ya 12, hivyo wakazi wake walikuwa na Stollen mbili, moja ya kuchimba na moja ya kula. Mkate ulipewa jina kwa umbo lake: mrefu, mnene, kama kipande cha nguzo. Maelezo yanayopendwa na watu ni mengine. Husemwa kwamba mkate huu mweupe ni mfano wa Mtoto Yesu aliyefungwa katika nguo za kitoto. Sina ugomvi na imani ya mtu yeyote, na pengine ni kweli kwamba waumini wamekuwa wakiuona hivyo kwa muda mrefu; lakini neno lenyewe halisemi hayo. Ni fasiri iliyovikwa juu ya umbo, na haipasi kuingizwa katika kamusi kama etimolojia.

Dresden wenyewe walikuwa na jina jingine la mkate wao, nalo ni Striezel. Mwaka 1434 mtawala wa Saksonia, Friedrich wa Pili, aliruhusu soko lifanyike mjini humo mkesha wa Noeli ukikaribia. Soko hilo lilianza kama soko la nyama, lakini baadaye mkate ndio uliolipa jina, likaitwa Striezelmarkt, na linaitwa hivyo mpaka leo. Anayeingia katika soko hilo sasa atauziwa Stollen. Jina la zamani limehifadhiwa katika jina la mahali, kama yanavyohifadhiwa maneno mengi ya kale ya Kiswahili katika majina ya mitaa na visiwa vyetu, huku katika matumizi ya kila siku yakiwa yamekwisha sahaulika.

Sasa tufike kwenye siagi, ambayo ndiyo kiini cha jambo. Mwaka 1474 mkate wa Noeli unatajwa mjini Dresden katika hesabu za Hospitali ya Mtakatifu Bartholomayo. Ulikuwa mkate wa mfungo. Hapa msikilizaji wa Kiswahili anahitaji ufafanuzi, kwa kuwa kwetu neno kufunga humkumbusha mtu kwanza mfungo wa Ramadhani, ambapo mtu hujizuia na kila chakula na kinywaji kutwa nzima, kisha jioni hufuturu, pengine kwa mkate wa kumimina ule ule nilioutaja. Mfungo wa Kanisa katika Ulaya ya zama za kati ulikuwa wa namna nyingine: mtu alikula, ila aliepuka aina fulani za vyakula. Katika Majilio, yaani majuma yanayotangulia Noeli, nyama ilikatazwa, na pamoja nayo maziwa na siagi. Mkate uliookwa katika majuma hayo ulikuwa wa unga, hamira na maji, pamoja na mafuta ya mbegu.

Katika nchi za Bahari ya Kati katazo hilo halikuwa mzigo mkubwa. Huko kuna mizeituni. Saksonia haina mizeituni. Mafuta yaliyopatikana yalitokana na mbegu za mimea ya jamii ya kabichi, yalikuwa machungu na yenye harufu, wakati siagi ilikuwa tele kwenye kila boma lenye ng'ombe. Sheria ile ile, iliyotungwa mahali penye mizeituni, ilikuwa na uzito mmoja Roma na uzito mwingine Dresden.

Simulizi inayorudiwa katika vitabu na vijarida vya watalii husema kwamba Mtawala Ernst na nduguye Albrecht walimwandikia Papa Nikolao wa Tano wakiomba katazo hilo liondolewe, naye akakataa. Mwanahistoria hana budi kukagua tarehe. Papa Nikolao wa Tano alifariki mwaka 1455. Ernst alizaliwa mwaka 1441 na Albrecht mwaka 1443, na baba yao alitawala hadi alipofariki mwaka 1464. Ikiwa maombi yalipelekwa kwa Papa huyo, basi waliotuma si hao ndugu wawili, ambao walikuwa bado watoto. Ninachofikiri ni kwamba masimulizi yamefanya kile yafanyacho siku zote: yamechukua shauri lililodumu miaka mingi, likapitia mikononi mwa watu wengi, yakalifunga katika majina mawili yanayokumbukika kwa urahisi.

Jambo lisilo na utata ni kwamba ruhusa ilikuja mwaka 1491, Ernst akiwa ameshafariki miaka mitano nyuma, na Papa aliyeitoa alikuwa Inosenti wa Nane. Wajerumani huiita hati hiyo Butterbrief, yaani Barua ya Siagi. Iliruhusu siagi itumike wakati wa mfungo, kwa sharti la malipo, na fedha zilizokusanywa zilielekezwa kwenye ujenzi wa Kanisa Kuu la Freiberg, lililokuwa limeungua mwaka 1484. Freiberg, kwa bahati, ndio mji mkongwe wa migodi ya fedha katika Saksonia. Stollen ya kula ikasaidia kujenga kanisa katika mji uliojengwa na Stollen za kuchimba. Saksonia haikuwa peke yake katika biashara hiyo. Mjini Rouen, Ufaransa, kanisa kuu lina mnara uitwao Mnara wa Siagi, ambao kwa mapokeo ya mji huo ulijengwa kwa fedha za namna hiyo hiyo.

Hatuwezi kushangaa, basi, kwamba Martin Luther aliiona siagi kuwa suala la kitheolojia. Katika waraka wake wa mwaka 1520 kwa watawala wa Ujerumani alilalamika kwamba watu wa Roma wenyewe wanaucheka mfungo, huku wakiwaachia wengine mafuta ambayo wao wasingeyapaka hata viatu vyao, kisha wanawauzia ruhusa ya kula siagi. Hoja yake ilikuwa kwamba uhuru ambao Injili imeutoa bure hauwezi kugeuzwa bidhaa. Mwaka 1539 mageuzi ya Kilutheri yaliingia rasmi Dresden, na tangu hapo hakuna aliyehitaji barua ya mtu yeyote ili atie siagi katika mkate wake wa Noeli. Tabia ya kuitia ilikuwa imeshajengeka. Mkate wa kujinyima ukawa mkate wa kujaza, na kwa kuwa jina halikubadilika, waliokuja baadaye wakadhani ulikuwa hivyo tangu mwanzo.

Niongeze hapa dokezo dogo kwa watafsiri. Katika mapishi ya Stollen, Wajerumani hutofautisha siagi ya kawaida na ile iliyochemshwa ikatolewa maji na povu. Nimeona tafsiri zinazoita zote mbili siagi, au zinazoieleza hiyo ya pili kwa sentensi nzima. Hakuna haja. Kiswahili kina samli, na samli ndiyo hiyo hiyo.

Kisa cha Zeithain nitakipitia haraka, kwa kuwa hupewa nafasi kubwa kuliko inavyostahili. Mwaka 1730 mtawala aliyejulikana kama August Mwenye Nguvu aliandaa gwaride kubwa la kijeshi karibu na kijiji hicho, akawaalika watawala wenzake, na akaamuru uokwe mkate mmoja wa takriban tani 1.8, katika tanuri lililojengwa mahsusi. Vitabu huutaja kama Stollen kubwa kuliko zote za wakati wake. Uliokwa mwezi Juni. Hauna uhusiano na Noeli, na uhusiano wake na njaa ya mtu yeyote ni mdogo vile vile. Ulikuwa tangazo la utajiri. Hata hivyo, tangu mwaka 1994 Dresden huadhimisha kila Desemba sikukuu ya Stollen ambapo mkate wa tani kadhaa hupitishwa mitaani na kukatwa, na kisa hicho ndicho kinachotajwa kama chimbuko lake.

Lililo na faida zaidi kwetu ni msamiati wa vitu vilivyoingizwa katika mkate huo baada ya siagi kuruhusiwa. Karibu vyote vilitoka mbali, na majina yake yalisafiri pamoja navyo. Zucker ya Kijerumani na sukari ya Kiswahili zote zimepitia sukkar ya Kiarabu. Moja ilivuka Bahari ya Kati kupitia Italia, nyingine ilivuka Bahari ya Hindi. Mfano unaonivutia kuliko wote ni zabibu. Wajerumani wengi huita zabibu kavu Rosine, neno lililotoka Kifaransa. Lakini kusini mwa eneo la Kijerumani, na hasa Austria, kuna neno jingine, Zibebe, kwa zabibu kavu kubwa. Limetoka katika zibibbo ya Kiitaliano, na hiyo imetoka katika zabib ya Kiarabu. Zibebe na zabibu ni ndugu wa baba mmoja waliolelewa katika nyumba zilizo mbali mbali. Kwa Kiarabu zabib ni tunda lililokwisha kukaushwa. Kijerumani kimeihifadhi maana hiyo. Kiswahili kimeipanua: kwetu zabibu ni tunda bichi pia, hata likiwa bado juu ya mti wake kule Dodoma, na ndiyo maana tunalazimika kusema 'zabibu kavu', kana kwamba ukavu haukuwamo ndani ya neno tangu awali. Wanafunzi wanaotafuta mfano wa kupanuka kwa maana wasihangaike kwenda mbali.

Yapasa kuuliza kwa nini jina Stollen lenyewe halikuingia Kiswahili, ilhali njia ilikuwapo. Misheni ya Kilutheri iliyofanya kazi Kilimanjaro tangu mwaka 1893 ilitoka Leipzig, katika Saksonia hiyo hiyo, na Bruno Gutmann, mmisionari aliyeandika mengi kuhusu Wachagga, alizaliwa Dresden mwaka 1876. Kijerumani kilituachia shule na hela, vitu vilivyokuja na serikali na vilivyomhusu kila mtu, apende asipende. Mkate wa Noeli haukulazimishwa kwa yeyote. Ulihitaji ngano, siagi nyingi na baridi ya kuuhifadhi kwa majuma kadhaa, na uliwakuta watu ambao tayari walikuwa na chakula chao cha sikukuu. Mchagga anayerudi nyumbani Desemba anajua kinachomngoja, na si mkate. Maneno ya chakula hayakopwi kwa sababu wenyeji wake wapo karibu. Hukopwa pale chakula chenyewe kinapoingia chunguni.

Nirudi Saksonia, katika karne ya 20. Kuanzia mwaka 1949 Dresden ilikuwa ndani ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Ujerumani. Viungo vya Stollen, kama nilivyosema, ni vya nchi za mbali, na vya nchi za mbali hununuliwa kwa fedha za kigeni, ambazo dola hiyo ilikuwa na upungufu nazo. Kwa miaka mingi zabibu kavu, lozi na maganda ya matunda yaliyokolezwa sukari vilikuwa adimu madukani kila Noeli ilipokaribia. Viwanda vikabuni vibadala. Mahali pa ganda la matunda ya jamii ya limau palitumika nyanya za kijani zilizopikwa katika sukari, na mahali pa ganda la danzi palitumika karoti. Badala ya lozi zilitumika kokwa za aprikoti.

Vibadala hivi vilipewa majina. Cha karoti kiliitwa Kandinat M, na cha nyanya Kandinat T. Herufi zile zilisimama badala ya Möhre, karoti, na Tomate, nyanya. Sina budi kukiri kwamba kama kazi ya uundaji istilahi ni kazi safi kabisa. Mzizi unakumbusha matunda yaliyokolezwa sukari. Kiambishi tamati kinakubaliana na Zitronat, jina la ganda halisi la limau. Na ile karoti imefichwa katika herufi moja ambayo mnunuzi anaweza kuisoma au kutoisoma. Neno halisemi uongo. Linanyamaza tu panapotakiwa kusemwa. Sisi tuliokaa katika kamati za istilahi tunaifahamu nguvu hiyo, na ni vema tukajiuliza mara kwa mara tunaitumia kumsaidia nani.

Wakati huo huo ndugu waliotenganishwa na mpaka walipelekeana vifurushi. Kutoka magharibi zilitumwa zabibu kavu, lozi, kahawa na kakao. Kutoka mashariki, kama shukrani, ilirudi Stollen iliyookwa kwa vitu hivyo hivyo. Magharibi nako kulikuwa na waokaji waliohama kutoka Saksonia, waliookea huko mkate waliouita 'Stollen ya Dresden'. Je, maneno hayo yalitaja mahali mkate ulikotoka, au aina ya mkate? Kiisimu hili ni swali la kawaida: sifa ya mahali imegeuka kuwa jina la aina, kama vile kanga au kitenge 'cha Kongo' kinavyoweza kuwa hakijafika Kongo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 swali hilo lilifika hadi Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Ujerumani Magharibi. Majaji walikaa kuamua jambo la semantiki, na ujira wao, nadhani, ulikuwa bora kuliko wetu.

Baada ya muungano wa mwaka 1990 waokaji wa Dresden waliunda chama cha kulinda jina hilo, na mwaka 2010 Umoja wa Ulaya uliliandikisha kuwa jina linalolindwa kwa misingi ya mahali. Leo hakuna aliye nje ya Dresden na vitongoji vilivyoainishwa anayeruhusiwa kuuza mkate kwa jina hilo. Kanuni zinataka kwa kila kilo 100 za unga ziwepo angalau kilo 50 za siagi, kilo 65 za zabibu kavu, kilo 20 za maganda yaliyokolezwa sukari na kilo 15 za lozi, majarini hairuhusiwi. Yaani siagi, iliyokuwa kosa mpaka ilipolipiwa, sasa ni sharti, na anayeipunguza ndiye mkosaji. Mkate uliopelekwa hospitalini mwaka 1474 usingepata muhuri.

Hata hivyo, nje ya hati na mahakama ilikuwapo desturi nyingine ya kuupa mkate huu jina, nayo ni ya akina mama wa nyumbani. Familia nyingi za Saksonia hazikuwa na tanuri la kutosha mikate ya majuma yote ya sikukuu. Mama alinunua viungo mwenyewe, akavipeleka kwa mwokaji wa mtaani, na huko unga ulikandwa na kuokwa kwa malipo. Matanuri yalijaa mikate ya nyumba kadhaa kwa wakati mmoja, yote ikifanana. Kwa hiyo kila familia ilikuwa na vibao vyake vidogo vya bati vyenye jina la ukoo, vilivyochomekwa kwenye donge kabla halijaingia motoni. Katika miaka ile ya uhaba, zabibu za shangazi aliyeko ng'ambo ya mpaka zikiwa zimo ndani ya donge moja tu kati ya mengi yaliyopangwa tanurini, kibao hicho hakikuwa pambo. Baada ya kuoka kiling'olewa, kikaoshwa, na kuwekwa sandukuni hadi Majilio mengine.